Kompyuta mpya inawaka ila skrini giza tupu, naomba ushauri

Wakuu, jana nimemaliza kuunga kompyuta ya mezani, mara yangu ya kwanza. Nikiwasha, feni zote zinazunguka, lakini skrini haionyeshi kitu na taa ndogo ya CPU (yaani prosesa) kwenye bodi mama (motherboard) haizimi.

Mwanzo nilichomeka HDMI kwenye bodi wakati prosesa ni Ryzen 5 5600, isiyoweza kutoa picha yenyewe bila kadi ya picha (mnicheke tu). Nimeihamishia kwenye kadi ya picha, hali ni ileile. RAM nimejaribu moja moja, tundu la 2 na la 4. Waya wa pini 8 wa prosesa umeingia vizuri, na pini za prosesa hazijapinda.

Bodi ni B450 ya zamani. Nahisi BIOS yake (programu ya bodi inayoanzisha kompyuta) haiitambui prosesa hii. Kuna namna ya kuisasisha bila prosesa nyingine?