Naomba ushauri: tunachangisha fedha za kisima, nani atanunua vipuri baadaye?

Habari zenu ndugu. Klabu yetu ya Rotary (chama cha kujitolea kusaidia jamii) hapa Tororo, mashariki mwa Uganda, ni ndogo, wengi wetu ni walimu na wenye maduka. Tunaandaa matembezi ya hisani ili tuchimbe kisima cha pampu ya mkono kwenye shule ya msingi ambako watoto hufika asubuhi na madumu badala ya vitabu. Inaniuma sana kuwaona.

Mfano tunaoufuata ni Rotary Cancer Run, mbio zilizoanza 2012 kuchangia matibabu ya saratani katika Hospitali ya Nsambya, Kampala. Pale ukinunua fulana umeshachanga. Lakini wao wana wafadhili wakubwa. Sisi mshonaji anataka malipo ya awali. Je, tukusanye majina na pesa kwanza, ndipo tuagize? Na pesa za simu zipokelewe kwa namba ya nani, maana namba ya mtu mmoja huzaa maneno hata akiwa mwaminifu.

Linaloninyima usingizi hasa ni matengenezo. Visima vingi vijijini vimekaa kimya kwa sababu ya kipande cha mpira cha pampu kilichochakaa au bomba lililooza tu. Wenzangu wanataka fedha zote ziishie kwenye kuchimba. Mimi naona sehemu iwekwe benki kwa jina la kamati ya maji, na kila kaya ichange kidogo kila mwezi, wajane na wazee wakisamehewa.

Waliowahi kusimamia kamati kama hiyo: asiyelipa mlimfanyaje bila kumnyima maji?