Bado nanyonyesha, hedhi inaruka ovyo, na natafuta mtoto wa pili

Mama Nuru
Habari zenu akina mama. Naombeni mawazo, hasa mliowahi kushika mimba mkiwa bado mnanyonyesha.

Mwanangu ana mwaka 1 na miezi 8. Mchana ananyonya kidogo na anakula vizuri, lakini usiku ziwa haliachi. Hedhi ilirudi alipofikisha miezi 14, na tangu hapo haijatulia: mara siku 38, mara 52, mara 44. Kabla ya ujauzito nilikuwa wa siku 29 bila kuyumba. Mzunguko uliopita niliona ute wa ukeni wa kuvutika, ule unaoashiria yai linakaribia kutoka, siku ya 17, ukakauka, ukarudi siku ya 36. Siku 8 baadaye, damu hiyo.

Nina miaka 36 na natamani sana mtoto wa pili. Kila ninayemuuliza ananijibu "mwachishe kwanza". Sitaki. Usiku akishtuka hunipapasa shingoni mpaka apate ukosi wa nguo, anauvuta, ananyonya macho yamefumba, na kabla sijageuka ubavu ameshalala. Bado anahitaji, nami siko tayari kumnyima. Je, ni lazima nichague kimoja? Na siku za kushika mimba nizihesabu vipi ikiwa ute unakuja mara mbili?

Mama wa Watatu
Si lazima uchague leo, dada. Mimba yangu ya pili iliingia wa kwanza akiwa bado ziwani. Kilichonisaidia ni kupunguza usiku. Mtoto akinyonya, homoni ya prolaktini inapanda, na kunyonya huko kwa mara kwa mara ndiko kunakozuia yai lisipevuke. Usiku inapanda kuliko mchana.

Tulianza kwa kuondoa ile ya saa nane usiku. Baba yake ndiye aliyekuwa anaamka, anampa maji kwenye kikombe, anambembeleza begani mpaka alale. Kilio kilikuwepo siku za mwanzo, sitakudanganya. Alipozoea, nikawa napitisha saa sita mfululizo bila kunyonyesha, na mizunguko ikaanza kufupika. Ya asubuhi na ya kabla ya kulala hatukuigusa. Punguza polepole tu, maana ukikata ghafla matiti yanajaa, yanauma na yanaweza kupata maambukizi. Jua pia kwamba mimba ikiingia maziwa hupungua na ladha hubadilika. Wangu aliacha mwenyewe.

Subira77
Kwangu kupunguza hakukutosha. Nilipunguza usiku, nikapunguza na mchana, hedhi ikabaki vilevile mpaka nilipomwachisha kabisa akiwa amepita miaka 2. Nakwambia ili ujue hata hilo hutokea, si kwamba una kasoro.

Mkunga
Mdogo wangu, nianze na ute. Mzunguko una vipande viwili. Cha baada ya yai kutoka hakibadiliki sana, kwa wengi ni siku 12 hadi 14. Kinachorefuka ni kile cha mwanzo, mwili unapongoja yai lipevuke. Kwa hiyo hesabu ya siku ya 14 iweke kando kabisa, kwa sasa si yako. Siku ya 17 inaelekea mwili ulijaribu ukashindwa, ukajaribu tena baadaye. Lakini ute wowote usiudharau, kwa sababu hutajua upi ulikuwa wa kweli mpaka umeshapita. Mbegu za mwanamume zinaweza kuishi ndani yako hadi siku 5, yai haliishi zaidi ya siku moja. Kutaneni kila baada ya siku 2 au 3 mzunguko mzima, na ute ukitokea msiache ipite. Vipimo vya mkojo vya kuonyesha yai linakaribia kutoka vinasaidia, ila kwa mzunguko mrefu pakiti itaisha kabla ya siku yenyewe, basi subiri ute uanze ndipo upime. Joto la mwili la asubuhi, ambalo wengine hulipima kujua kama yai limetoka, kwa anayeamka kunyonyesha linayumba mno, sikushauri ulitegemee.

Ninachokitilia maanani zaidi ni zile siku 8. Ni chache. Yai lililorutubishwa linahitaji kama siku 6 hadi 10 kufika na kujishikiza kwenye ukuta wa kizazi, na damu ikiwahi hivyo halipati nafasi. Mizunguko ya kwanza baada ya uzazi huwa hivyo mara nyingi, kisha hurefuka upande huo kadiri kunyonya kunavyopungua. Ndiyo maana naunga mkono kupunguza usiku.

Niambie: ulitumia njia gani ya uzazi wa mpango? Na ulijifungua kawaida au kwa upasuaji?

Mama Nuru
Kawaida. Nilichoma sindano ya miezi mitatu, ya mwisho mtoto akiwa na miezi 7. Wengine wananiambia imeniharibu kizazi.

Mkunga
Haijakuharibu. Sindano hiyo huchelewesha tu. Wengi hushika mimba kama miezi 10 hivi tangu ya mwisho, wengine huchukua zaidi ya mwaka. Wewe umeshavuka hapo, kwa hiyo nashuku kunyonyesha kabla ya sindano.

Shirika la Afya Duniani linashauri kungoja angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kutafuta mimba nyingine. Umebakiza michache, itumie kupunguza usiku na kuanza vidonge vya foliki asidi, mikrogramu 400 kwa siku. Mkishaanza kutafuta, kwa miaka 36 usingoje mwaka mzima. Miezi 6 ikipita bila kitu nenda hospitali, na mume naye apimwe mbegu. Na hedhi ikichelewa kupita ulivyozoea, pima mimba kwanza kabla hujasema ndivyo ulivyo.

Mama Nuru
Asante sana, dada. Lakini nikipima prolaktini, si itakuwa juu tu kwa sababu nanyonyesha?

Mkunga
Inaweza kuwa juu, ndiyo. Mwambie daktari unanyonyesha kabla hujatolewa damu, asije akakuandikia dawa ya kuishusha ikakausha maziwa. Omba apime na tezi ya thairoidi, ile ya shingoni. Ikilegea baada ya uzazi huvuruga hedhi hata kwa asiyenyonyesha, na dawa yake unaweza kuimeza huku mtoto akiendelea kunyonya.