Ufukwe wa Dar: mwenye uzio anaishia wapi?

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni. Jumapili nilivuka Magogoni kwenda Kigamboni na wanangu wawili pamoja na mpwa wangu, mtoto wa dada yangu aliyeolewa Dodoma. Ana miaka tisa na bahari alikuwa anaijua kwa kuiona kwenye televisheni. Tukashuka kivukoni, tukachukua bajaji mpaka upande wa Mjimwema. Tulipoingia tulitozwa kiingilio. Sikulalamika, maana kuna choo, maji baridi ya kuoga na kivuli cha makuti.

Maji yalikuwa yamekupwa, mchanga umeachwa wazi kama uwanja wa mpira, tukaanza kutembea tukielekea kusini. Dogo anaokota simbi, mfuko wa kaptura umeshajaa. Hatukufika mbali. Akatoka mlinzi na rungu lake: "Mzee, mwisho hapo. Huku ni kwa wageni wa hoteli." Nikamwambia sina shida na hoteli yenu, wala viti vyenu sivitaki, napita tu kwenye mchanga mbichi. Akasema yeye ameagizwa. Sikubishana naye, mshahara wake siulipi mimi.

Tulipogeuka dogo akaniuliza, "Mjomba, maji yakijaa huyu atasimama wapi?"

Nimekaa na swali hilo siku tatu. Hebu tujadili: ni sawa ufukwe wa Dar kuwa na mwenyewe? Mimi nasema si sawa. Wenye mawazo tofauti mje, ila tusitukanane.

Mkazi wa Mbezi Beach

Mkuu, nitakuudhi. Ufukwe wa bure tunao, unaitwa Coco. Nenda Jumatatu asubuhi baada ya sikukuu ya Idi uangalie kilichobaki: chupa, vijiti vya mishikaki, pampasi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, lakini chupa na vifungashio vingine viko palepale. Penye kiingilio pana usafi. Mimi nalipa na nalala usingizi.

Muuza mihogo, Coco

Kaka wa Mbezi, shikamoo kama umenizidi, marahaba kama nimekuzidi. Mimi niko pale na karai langu tangu mwanangu wa kwanza yuko chekechea, sasa yuko chuo. Jumatatu asubuhi unayoisema, wanaookota hizo chupa ni sisi na vijana wa vyuma chakavu. Ulishawahi kutuona? Au ulipita ndani ya gari vioo vimepandishwa, unaelekea Daraja la Tanzanite?

Anayekuja kwangu ni fundi wa Manzese na mkewe. Nauli ya daladala wamejibana, sahani moja ya mihogo ya kukaanga na kachumbari wanakula wawili, pilipili naongeza bure. Ukiweka kiingilio hao hawaji. Mimi nimkaangie nani, wewe unayekula hotelini?

Uchafu unaondolewa kwa mapipa na gari la taka kuja kwa wakati. Kuwaondoa watu si kusafisha.

Mwenye kibanda cha kupumzikia, Kigamboni

Nimesoma kimyakimya, sasa niseme maana naona sisi wenye maeneo tumeshakuwa wabaya. Sehemu yangu si hoteli: mabanda sita ya makuti, jiko na vyoo vinne. Nilinunua kwa wenyeji kabla Daraja la Kigamboni halijafunguliwa mwaka 2016, wakati watu wa mjini wanasema Kigamboni ni porini.

Mnaotaka bure hamjui kinachofanyika. Kila asubuhi vijana wawili wanakusanya mwani uliotupwa na maji ya usiku. Kipindi cha upepo wa kusi unakuwa mwingi na ukiuacha jua lipige siku mbili, harufu yake mteja anageuzia getini. Kuna kijana mwingine kazi yake ni kuangalia waogaji, kwa sababu watu wa bara wanakuja na pombe wanaingia maji ya kifua hawajui kuogelea. Mtu akizama kwangu, polisi wanamuuliza nani? Mimi, hata kama maji ni ya umma.

Na njia niliacha, mleta mada, usidhani sikuacha. Upana wa mkokoteni kupita, pembeni ya ukuta wangu, ili wavuvi wateremke. Mwaka haukuisha ikawa choo. Ikafuata bangi. Ikafuata vibaka, mteja wangu wa kike akanyang'anywa simu mchana kweupe. Nikafunga na mabati. Nilijisikia vibaya, maana mzee mmoja mvuvi alikuja akaniangalia tu, hakusema neno, akazunguka. Lakini mngekuwa ninyi mngefanyaje?

Mpimaji ardhi

Naomba niingie, hii ni kazi yangu. Watu humu wanatumia neno "mmiliki" kirahisi sana. Ardhi yote Tanzania ni ya umma na Rais ndiye mdhamini. Ulichonacho wewe kwenye hati ni haki ya kutumia, kwa miaka 33, 66 au 99.

Pili, Sheria ya Ardhi ya 1999 inaitaja ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka pwani miongoni mwa zinazoweza kutangazwa kuwa ardhi hatarishi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, ndiyo kali zaidi: inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ufukwe. Ukuta wa matofali ni shughuli ya kudumu. Banda la makuti kwenye nguzo za mikoko mtu anaweza kubishana kidogo. Bwawa la kuogelea lililochimbwa hatua kumi kutoka kwenye mawimbi halina mjadala.

Ile Sheria ya Ardhi pia ina sehemu inayohusu haki ya njia ya umma. Ila njia hiyo haioti yenyewe kama nyasi, lazima mtu aiombe, ipimwe, itangazwe, iingie kwenye ramani. Ndugu yetu wa Kigamboni aliacha njia kwa hisani. Hisani haimo kwenye ramani, ndiyo maana bati mbili zimetosha kuiua.

Asiyelala

Mita 60 kutoka wapi, mkuu? Maji yakiwa Mjimwema au yakiwa karibu na Zanzibar? 😂

Mpimaji ardhi

Cheka tu, ila umegusa penyewe. Kwetu Dar siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, kati ya maji kujaa na maji kupwa kuna tofauti ya zaidi ya mita 3 kwenda juu. Kwa ufukwe ulio tambarare kama wa Kigamboni, mita 3 za kwenda juu ni mamia ya hatua za kwenda mbele. Kipimo cha maana kinaanzia pale maji makubwa yanapofika. Na pale panahama. Kiwanja kilichopimwa zamani na mita 60 zake kamili, leo unaweza kukuta zimebaki 20, na mwenyewe hajaongeza hata tofali.

Mvuvi wa Kunduchi

Asalaam aleikum wanangu. Mjukuu wangu ndiye ananiandikia.

Huyo mpimaji kasema kweli, pwani inatembea. Sisi Kunduchi tumeiona ikitembea. Mchanga wa ufukwe hautoki baharini peke yake, unaletwa na mito: Tegeta, Mbezi, na mingine midogo ambayo mkipita juu ya daraja hamjui kama ni mito. Watu wakaingia humo na malori, mchanga ukaenda kujenga nyumba za mjini. Bahari haikuletewa chakula chake, ikaanza kula nchi kavu. Africana pale, ufukwe uliliwa. Makonda wanaliita jina, anayeshuka haulizi limetoka wapi.

Halafu wenye hoteli wakajenga vikuta vya mawe kuingia majini ili kuzuia mchanga wao usiondoke. Upepo wa kusi unasukuma mchanga kwenda kaskazini. Ukiweka kikuta unaukamata wa kwako, jirani yako wa kaskazini anabaki na mawe. Naye anajenga chake. Basi ikawa hivyo.

Mnasema ufukwe mnafikiria kuogelea. Sisi tunasema diko. Diko ni mahali chombo kinapofika na samaki, wachuuzi wa kike wanasubiri na ndoo zao, mnada unafanyika hapohapo, na mama lishe ana chai ya moto kwa waliotoka bahari ya usiku. Ukifunga njia ya diko, umefunga yote hayo. Ngalawa siwezi kuibeba kichwani nizunguke ukuta wa mtu. Wake zetu waliozoea kwenda mwambani kutafuta pweza na chaza maji yakikupwa, kuna sehemu leo wanapita kama wezi.

Sisi nasi tuna aibu yetu, nisiifiche. Kuna wenzetu walipiga baruti miaka na miaka, wakavunja matumbawe ambayo babu zetu walivua juu yake. Mwamba ulikuwa unalivunja wimbi mbali. Ukivunjika, wimbi linakuja zima zima.

Nahodha wa boti, Mbudya

Shikamoo mzee. Mimi nabeba watalii kwenda Mbudya. Kule kuna kiingilio cha serikali, na mbona hakuna anayeleta mada kulalamika? Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu tangu 1975. Unalipa, unakuta mibuyu imesimama, kaa wa nazi wapo, samaki wanaonekana kwa miwani ya kuzamia. Kwa hiyo hela yenyewe siyo shida, shida ni inaenda kwa nani na wewe unapewa nini.

Muuza mihogo, Coco

Mdogo wangu, Mbudya ni kisiwa. Hakuna mtu anayepita Mbudya akienda kazini kwake.

Mkazi wa Pembamnazi

Nawapinga wote. Huku kwetu kusini kabisa mwa Kigamboni bado kasa anapanda kutaga. Anakuja usiku, anachimba, anaacha mayai mia na kitu, anarudi baharini. Baada ya siku kama 60 vitoto vinatoka na vinafuata mwanga, kwa asili yake mwanga wa maji usiku. Ukiweka taa, vinafuata taa. Ukileta pikipiki mchangani, zinapasua viota. Mnapigania njia ili mje na maspika yenu? Uzio wa mtu mmoja mwenye banda moja lenye koroboi una nafuu kuliko Coco nyingine ihamie huku.

Mleta mada

Dada wa Pembamnazi (au kaka, unisamehe), umenikamata pabaya. Nilipoandika mada nilikuwa nimejaa hasira za yule mlinzi, nikachanganya mambo.

Kiingilio naona nakiacha. Mwenye kibanda atoze kwa choo, kivuli na yule kijana anayeangalia waogaji, ni haki yake. Maelezo ya Mbudya pia nimeyakubali, ingawa mama wa mihogo kayajibu vizuri kuliko ambavyo ningeweza.

Nisichokiacha ni njia. Nimeangalia picha za setilaiti usiku huu, kutoka Mjimwema kwenda kusini, nikatafuta pale ambapo mtu asiye mgeni wa yeyote anaweza kutoka barabara ya lami akafika majini. Unapita paa, ukuta, paa, kiwanja kilichofyekwa, ukuta. Zilizopo ni chache na nyembamba, na picha haioneshi zipi zina mabati. Sheria inasema mita 60 hazijengwi, sawa, lakini mita 60 usizoweza kuzifikia zinakuwa bustani ya mwenye ukuta. Haina haja ya kuvunja hoteli ya mtu. Kila baada ya viwanja kadhaa ipimwe njia ya miguu, iingie kwenye ramani ya mtaa, iwe na taa ndogo upande wa barabara na isiwe na taa upande wa maji, kwa ajili ya kasa. Na choo, ndugu wa Kigamboni, choo cha umma barabarani, maana naamini watu walijisaidia kwenye njia yako kwa sababu hapakuwa na pengine.

Mwenye kibanda cha kupumzikia, Kigamboni

Choo atasafisha nani?

Mleta mada

Hapo sina jibu la kukufurahisha. Kamati ya mtaa, kwa mia tatu mia tatu za watumiaji? Au wavuvi wa diko na ninyi wenye mabanda mgawane zamu?

Mwenye kibanda cha kupumzikia, Kigamboni

Zamu naikataa. Mia tatu naweza kuisikiliza. Halafu yule mzee arudi kupita, mabati nitayatoa mwenyewe, ila nataka ipimwe na jirani yangu naye aache nusu yake. Siwezi kuwa mjinga peke yangu.

Asiyelala

Jirani yake ndiye mwenye yule mlinzi. Naweka dau la soda.

Mpimaji ardhi

Mleta mada, kama uko tayari, Jumamosi nina nafasi. Nitakuja na futi kamba na kifaa cha kupimia, tuanzie pale mlipozuiliwa. Siwezi kutoa hati ya chochote, lakini angalau mtakwenda ofisi ya mtaa na namba badala ya hasira. Nani anajua maji yatakuwaje? Nataka nione alama ya maji makubwa wakati pamekauka.

Mvuvi wa Kunduchi

Jumamosi mwezi ni wa kumi na sita, bamvua. Maji yatajaa alfajiri kama saa kumi, na saa nne asubuhi pamekauka kabisa. Msichelewe, saa sita yanarudi, na yakirudi hayaulizi nani ana rungu. Mimi nitavuka na mjukuu. Mtuambie tukutane upande gani wa kivuko.