Nililipia replika ya Mercedes SSK yenye injini ya Ford mbele, nimeletewa Volkswagen iliyovalishwa faiba

Wakuu, nimekaa kimya muda mrefu nikimsubiri huyu mwenye yadi arudishe pesa yangu kistaarabu. Hajarudisha. Juzi kanitumia ujumbe kwamba kwake yeye biashara imeisha na nisimsumbue tena. Kwangu mimi haijaisha, na naleta uzi huu ili kila mwenye mpango wa kununua haya magari ya kizamani ya kuigiza ajue mchezo unavyochezwa.

Kwanza tuelewane, maana najua watakuja watu wa "ulitegemea nini kwa bei hiyo". Nilijua nanunua replika. Nilitaka replika. SSK halisi Mercedes-Benz waliitengeneza kati ya 1928 na 1932, hazikufika hata 40, na ni kazi ya Ferdinand Porsche kabla hajafungua ofisi yake mwenyewe. Injini ya lita 7, silinda sita, ina supachaja, yaani pampu ya kuisukumia injini hewa ya ziada, inayoingia kazini ukikanyaga mafuta mpaka chini. Dereva Rudolf Caracciola alishinda Mille Miglia ya 1931, mbio ndefu za barabarani za Italia, na SSKL, ambayo ni gari hilohilo limepunguzwa uzito. Mwaka 2004 SSK moja iliuzwa mnadani Goodwood, Uingereza, kwa zaidi ya pauni milioni 4. Mimi naingia zamu ya usiku ghalani hapa Houston. Hakuna mahali popote nilipojidanganya kwamba nanunua gari la namna hiyo.

Nilichotaka ni sura yake, kwa ajili ya harusi. Jamii yetu hapa ina send-off na harusi karibu kila wikiendi kuanzia Mei mpaka Oktoba, na maharusi wote wanapanda limo nyeupe zilezile. Gari la wazi la miaka ya 1920, boneti ndefu yenye mikanda ya ngozi, taa kubwa za duara, rimu za spoki, bwana harusi anaendesha mwenyewe na bibi harusi pembeni. Nilishapata maharusi wawili waliotaka kulikodi kabla hata sijalinunua. Hii ilikuwa biashara niliyoipangia akiba yangu, na pesa niliyotoa ni dola 18,500.

Sasa kwa wasiolijua soko hili. Miaka ya 1970 na 1980 Florida ilitoa maelfu ya seti za kuunganisha gari mwenyewe (kit) zenye sura ya SSK ya 1929, na maarufu kuliko zote iliitwa Gazelle. Unanunua bodi ya faiba na makorokoro yake, unatafuta gari la zamani la kawaida, unalivua bodi yake na kulivika hii. Zilikuwepo za namna mbili. Moja inakaa juu ya sakafu ya Volkswagen Beetle, ile ya mgongo wa kobe, na injini inabaki nyuma kama Beetle yoyote. Nyingine ilitumia mitambo ya Ford, injini inakaa mbele, yaani inakaa pale inapostahili kukaa kwenye gari lenye boneti ndefu vile. Waliouza seti zile hawakumficha mtu chochote, mnunuzi alijua anavalisha Volkswagen au anavalisha Ford, na sina neno baya juu yao.

Tofauti ya hizo mbili ni kubwa mno. Yenye injini mbele ina uzito mbele, ina rejeta ya kweli nyuma ya ile grili, na ukifungua boneti mbele ya wageni kuna kitu cha kuonyesha. Ya Volkswagen ukiifungua huna cha kuonyesha. Na bei zake hazikaribiani na nilichotoa mimi, yeyote anayefuatilia minada ya mtandaoni anajua hilo.

Ndiyo maana nilimuuliza huyu bwana kwa maandishi. Tangazo lake lilisema "Mercedes-Benz SSK Roadster 1929, replika, kazi ya mkono". Nikamwandikia: imejengwa juu ya gari gani, la mwaka gani, na injini iko wapi. Akajibu, na jibu lake ninalo: "Ford lita 2.3, injini mbele, gia za kawaida, chesisi safi haina kutu." Nikaomba picha ya injini. Akatuma picha ya injini ya Ford, safi, kava ya valvu imepakwa rangi ya bluu. Nikaomba picha ya hati ya umiliki, akasema iko kwa karani wa yadi na ataituma pamoja na gari. Yeye yuko Florida, mimi Texas. Nilitanguliza kidogo kwa kadi, salio likaenda kwa benki, lori la kubebea magari likaja.

Dereva wa lori alipowasha gari kulishusha, nilijua palepale. Yeyote aliyekulia mtaa wenye Volkswagen anaujua ule mlio. Ulikuwa unatokea nyuma ya gari, siyo mbele. Nikafungua mikanda ya boneti kwa mikono inayotetemeka. Chini yake kuna tangi la mafuta, tairi la akiba, na uwazi mtupu. Yale mabomba matatu ya eksozi yanayong'aa, yanayochomoza ubavuni mwa boneti na kupinda kwenda chini, ndiyo alama ya SSK kuliko hata nyota ya pua. Kwenye gari langu yamefungwa kwa skrubu kwenye faiba. Ukiingiza mkono kwa ndani unagusa ncha za skrubu, hakuna bomba linaloendelea kwenda popote.

Nikampigia pale pale dereva akiwa bado anakunja minyororo. Hakupokea.

Kesho yake tukaliingiza gereji kwa fundi mmoja mzee wa Kimexico ambaye ameishi na Beetle maisha yake yote. Alinyanyua kiti cha nyuma, akafuta uchafu kwenye lile tuta la katikati ya sakafu, na namba ikajitokeza. Inaanza na 110. Akanieleza: 11 ni Beetle ya kawaida, na 0 inayofuata ni mwaka wa 1970. Kulia kwa hapo ndipo betri ya Beetle inapokaa, na asidi ya betri imeila sakafu mpaka bisibisi yake ikapenya bila kusukumwa. Aliyekuwa nalo alifunika tundu kwa kipande cha bati, akakigundisha kwa gundi ya bodi, akakipaka lami, juu akatandika zulia jipya. Hii ndiyo "chesisi safi haina kutu". Na sehemu hiyo iko hatua moja nyuma ya mahali bibi harusi angeketi.

Waya nazo ni balaa. Nyuma ya dashibodi kuna waya za nyumbani zimesokotwa pamoja na kufungwa kwa vikofia vya plastiki vile mafundi umeme wanavyotumia darini. Milango yote miwili faiba imepasuka kwenye bawaba, ufa umejazwa na kupakwa rangi juu. Breki ni za dramu magurudumu yote, ambalo lenyewe si kosa, ndivyo Beetle ile ilivyotoka kiwandani, ila ya mbele kushoto inavujisha mafuta. Injini ni ya cc 1600 ya kupozwa na upepo, farasi wake hawafiki 60. Sina ugomvi na injini hiyo, imezunguka dunia nzima na inatengenezeka kirahisi. Ugomvi wangu ni kwamba sikuiagiza hiyo.

Hati ilikuja baadaye kwa posta. Imeandikwa Volkswagen, 1970. Kwa hiyo alijua. Karatasi iliyokuwa mezani kwake ilimwambia kila kitu nilichomuuliza, na akaniandikia kinyume chake, akatafuta na picha ya injini ya gari la mtu mwingine ili nitulie. Huo ni utapeli uliopangwa, wakuu, na nakataa kabisa kuuita makosa ya mawasiliano kama anavyotaka yeye.

Majibu yake yamekuwa yakibadilika. Mara ya kwanza alisema vijana wake walichanganya magari mawili. Nikamwambia vizuri, nitumie lile la Ford. Akasema limeshauzwa. Mara ya pili akasema replika ni replika, nani anajali chini kuna nini. Mara ya tatu akaja na karatasi: "nilikuuzia kama lilivyo."

Hapa ndipo wengi wetu ugenini tunanyamazishwa, kwa hiyo nisomeni vizuri. Sheria ya serikali kuu ya Marekani inawataka wauza magari yaliyotumika kubandika kwenye gari karatasi inayoitwa Buyers Guide, na humo wanaweza kuweka alama kwamba gari linauzwa kama lilivyo, bila waranti. Maana yake ni kwamba gia ikifa kesho, ni juu yako. Haimpi mtu ruhusa ya kukuelezea kitu kimoja na kukuletea kingine. Maelezo ya bidhaa yaliyofanya ukubali kununua yanahesabika kuwa ahadi ya muuzaji, hilo limo kwenye sheria za biashara zinazotumika Florida na Texas pia. "Ford lita 2.3, injini mbele" ni maelezo ya bidhaa. Ameyaandika mwenyewe, kwa namba yake ya simu, na tarehe ipo.

Nimeshapeleka malalamiko ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Florida na kwenye idara ya jimbo hilo inayotoa leseni za yadi za magari. Ile sehemu niliyolipa kwa kadi nimeipinga benki. Kinachonisumbua ni salio, kwa sababu mahakama ya madai madogo ya Florida mwisho wake ni dola 8,000, zaidi ya hapo unaingia kwenye kesi ya kawaida, na kwa mtu aliye jimbo jingine, gharama zinaanza kula kile unachodai. Huyu bwana analijua hilo. Anauza nje ya jimbo lake makusudi. Nimepitia matangazo yake mengine na karibu yote yanasema "tunasafirisha kokote".

Bima nayo ni jambo la kuangalia. Wakala wangu alikuwa ameshaandaa bima ya thamani ya makubaliano, yaani inayolipa thamani mliyokubaliana mapema, kufuata maelezo ya tangazo. Nilipompelekea hati alisimamisha kila kitu, na nashukuru alifanya hivyo, kwa sababu ningepata ajali na maharusi ndani, halafu kampuni ikakuta imebima gari ambalo halipo, sijui ningewatazama vipi wazazi wa wale watoto.

Kuna ndugu wawili wamenishauri nilipakie kwenye kontena nikaliuze nyumbani, eti huko halina mpinzani. Sitamfanyia mtu kile nilichofanyiwa. Na hata kwa mwenye nia njema, forodha haisomi sura ya gari, inasoma hati, na hati inasema 1970. Dar utakutana na ushuru wa uchakavu. Mombasa ndiyo usijaribu kabisa, Kenya haipokei magari yaliyotumika ya zaidi ya miaka 8, wala usukani wa kushoto, na hili lina vyote viwili. Yupo pia aliyeniandikia kutoka Ujerumani akilitaka. Kaka, mwaka 2012 Daimler, wenye Mercedes wakati huo, walihakikisha bodi ya faiba ya replika ya 300 SL, Mercedes ya michezo ya miaka ya 1950, inapondwapondwa huko huko kwenu. Usilete nyota ya Mercedes juu ya faiba mlangoni kwa wenyewe.

Hasira yangu siyo kwa huyu mmoja tu. Fungua tovuti yoyote ya magari ya kale sasa hivi uandike 1929 Mercedes. Utaletewa faiba tupu, na kwenye matangazo mengi neno Volkswagen limezikwa mwisho wa aya ya mwisho au halipo kabisa. Mwaka wanaouandika ni wa gari ambalo hawana. Kitu kinachouzwa hasa ni sakafu ya gari la 1970, waya alizofunga mtu asiyejulikana nyumbani kwake miaka 40 iliyopita, na uaminifu wa muuzaji. Basi viandikwe hivyo, mstari wa kwanza: gari la asili ni lipi, mwaka wake, namba ya chesisi, nani aliunganisha. Mtu anayetaka Volkswagen ya sura ya SSK atainunua kwa bei yake halali na kuifurahia, wapo wengi na magari yao ni mazuri. Tovuti zinazokusanya ada ya matangazo zina uwezo wa kulazimisha hilo na hazifanyi.

Jina la yadi siliweki hapa mpaka malalamiko yapate namba ya jalada, nimeshauriwa hivyo. Aliye kwenye mazungumzo na muuzaji wa Florida kuhusu gari la aina hii aje PM, nitamwambia kama ni huyo. Picha za sakafu, namba ya chesisi na yale mabomba ya skrubu naziweka hapo chini, pamoja na ile picha ya injini ya kava ya bluu. Hiyo ya mwisho naomba mniangalizie kwa makini, hasa mnaoshinda kwenye minada: kama mmewahi kuiona kwenye tangazo la gari lingine nipeni linki, kwa sababu hiyo ndiyo itakayombana.

Na kama kuna mtu humu aliwahi kumdai muuza magari wa Florida akiwa jimbo jingine na akalipwa, naomba aniambie alianza na wakili au alianza na mahakama mwenyewe.