Naombeni ushauri: shamba la minazi na mashua ya babu, ami anataka tuuze vyote

Mjukuu wa Nahodha

Asalaam aleikum, na shikamooni wakubwa. Naomba ushauri hasa wa watu wa mwambao, Mkinga mpaka Kilwa, na ndugu zetu wa Visiwani, maana jambo hili mtu asiyeijua bahari atalitazama kama kiwanja tu.

Kwetu ni kijiji cha pwani, kusini ya Mto Pangani. Babu mzaa baba alikuwa nahodha. Alivusha nazi na mahindi kutoka Kipumbwi kwenda Mkokotoni, Unguja, akirudi na bidhaa za dukani. Masika ikichachamaa na bahari kuchafuka, chombo kinapandishwa mchangani, naye anashika jembe: mpunga bondeni, mihogo juu, minazi kote. Baba akafuata njia hiyo hiyo, na mimi nimelelewa humo.

Shamba ni ekari 12, linaanzia barabarani na kuteremka hadi ufukweni. Babu alifariki 1994 na urithi haukugawanywa. Kila mtu alijua minazi yake ya kuangua, na mambo yakaenda. Baba naye amefariki mwaka juzi. Sasa hii barabara ya Tanga–Pangani–Bagamoyo inajengwa na madalali hawatoki kijijini. Ami yangu amepata mnunuzi wa shamba lote, na mashua anasema ibomolewe mbao ziuzwe kabla hazijaoza. Mdogo wangu anamuunga mkono, anataka fungu lake anunue boti ya faiba na mashine. Mashangazi zangu wawili hawajaulizwa kitu.

Mimi sitaki kuuza, na sababu zangu si za kumkumbuka babu peke yake. Kwetu shamba ndilo linalolisha chombo. Makumbi wanafukia mashangazi mchangani, yakilainika wanayaponda wanasokota kamba za usumba. Makuti yanaezeka nyumba zetu na kibanda cha mashua. Nazi ndiyo shehena ya kwanza ya safari. Ufukwe ukienda, huku juu tutabaki na miti tu. Lakini nawajua ndugu zangu, wana shida za kweli, na siwezi kuwaambia wafe njaa ili mimi nifurahi. Nianzie wapi?

Mkaka wa Chumbageni

Pole kwa msiba, ndugu. Nitasema tofauti na unavyotarajia. Minazi aliyopanda babu yako sasa ni mizee, haizai kama zamani. Vijana hawataki kupanda mnazi wala kukaa baharini usiku kucha. Bei ikiwa nzuri leo, chukueni, kila mmoja ajenge maisha yake. Ardhi isiyogawanywa ndiyo inayoleta ugomvi kati ya watoto wa ami na ami, nimeshuhudia ukoo mzima hauzikani.

Wakili wa Mkoani

Mleta uzi, kabla ya kuuza au kutouza, jua kwamba kwa sasa hakuna mwenye uwezo wa kuuza. Mali ya marehemu inauzwa au kugawanywa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Ami yako hata akiwa mkubwa wa ukoo, bila barua ya usimamizi sahihi yake haimpi mnunuzi haki yoyote. Kwa familia ya Kiislamu kama yenu, Mahakama ya Mwanzo inatosha. Mnakaa kikao cha ukoo, mnaandika muhtasari, mnapendekeza jina, mnapeleka na cheti cha kifo. Msimamizi akishateuliwa ana miezi minne kuwasilisha orodha ya mali na madeni, na hesabu ya ugawaji baadaye.

La pili: hiyo ni ardhi ya kijiji, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Kumhamishia mtu asiye mwanakijiji kunahitaji idhini ya Halmashauri ya Kijiji. Kama nyuma ya mnunuzi kuna mgeni wa nje ya nchi, yeye hamilikishwi ardhi ya kijiji kwa kukubaliana na ami chini ya mwembe.

La tatu, na madalali hawalisemi: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini. Kwa hiyo sehemu ile ile anayoitamani mnunuzi ndiyo asiyoruhusiwa kujenga bila kibali maalumu. Muulizeni anakusudia kuifanyia nini.

Mama Tumu

Nimesoma nikasubiri mtu aulize habari za mashangazi. Hao ni watoto wa nahodha sawasawa na baba yako. Wamefukia makumbi kwenye huo mchanga miaka yote, halafu linapokuja suala la hela wanaambiwa baadaye. Mwanangu, usiende kwa wakili, usiende kwa mwenyekiti wa kijiji, kabla hujaenda kuketi na shangazi zako. Na usiende kuwaomba wakuunge mkono wewe. Waulize wao wanataka nini, unyamaze usikilize.

Ustadh wa Makorora

Wa aleikum salaam. Babu aliacha warithi gani, na bibi yupo?

Mjukuu wa Nahodha

Mama Tumu, nimekuelewa, nitakwenda Ijumaa baada ya swala.

Ustadh, babu aliacha mke mmoja, bibi yetu, na watoto wanne wote wa bibi: ami, baba na mashangazi wawili. Bibi alifuata 2003, wazazi wake walishatangulia zamani na hakuwa na mume wala mtoto mwingine. Baba ameacha mama yetu, mimi, mdogo wangu wa kiume na dada yetu mmoja.

Ustadh wa Makorora

Basi hesabu yenu ni nyepesi, Alhamdulillahi. Kwanza madeni ya marehemu yalipwe, na wasia kama upo, usizidi theluthi. Kisha mnagawa mirathi moja baada ya nyingine kwa mpangilio wa vifo, hamruki. Bibi alikuwa na thumni ya babu, yaani sehemu moja ya nane, na alipofariki thumni ile ikarudi kwa watoto wale wale wanne kwa uwiano ule ule. Kwa hiyo shamba linakuwa mafungu 6: ami 2, baba 2, kila shangazi 1. Kwa ekari 12, ami ana 4, mashangazi 2 kila mmoja, na 4 za baba zinashuka kwenu. Katika hizo mama yenu ana thumni, nusu ekari, na tatu na nusu zinazobaki mnagawana wanaume mawili mawili, dada moja: wewe 1.4, mdogo wako 1.4, dada yenu 0.7.

Ila gaweni kwa thamani, si kwa kamba ya kupimia peke yake. Ekari yenye minazi inayozaa na ekari ya bondeni ya mpunga hazilingani. Na mashua imo humo humo. Ami hana haki ya kuibomoa, kama wewe usivyo na haki ya kuitumia bila kuwalipa wenzako.

Fundi wa Nungwi

Mimi naunda na kutengeneza vyombo. Mashua imekaa juu muda gani? Imefunikwa?

Mjukuu wa Nahodha

Tangu baba alipoanza kuugua, kama miaka mitatu. Kibanda cha makuti kimechakaa, jua linaipiga upande wa omo, kule mbele.

Fundi wa Nungwi

Leo hii tafuta makuti, ifunike. Jua ndilo linaloua chombo kilichopandishwa, mbao zinakauka na kuachana. Halafu chukua nyundo, pita na mkuku, ule mti mkubwa wa chini, kuanzia omo hadi tezi kule nyuma, ugonge. Mbao nzima inalia, iliyokufa inaitika kama boga. Fanya hivyo kwa mataruma pia, zile mbavu za chombo, yale ya chini yanakotuama maji. Mkuku ukiwa mzima na mataruma mengi yakiwa mazima, chombo hicho kinafaa: unabadilisha mbao chache za ubavuni, unapiga kalafati upya, yaani unaziba nyufa za mbao kwa pamba na mafuta, unapaka deheni ya mafuta na chokaa chini, unakishusha siku ya bamvua, maji yakijaa sana. Kitavuja mwanzoni, kiache kinywe maji mbao zivimbe zikutane. Lakini mkuku ukiwa umekufa, ndugu yangu, mwachie ami auze mbao. Nakupenda kwa unavyopenda chombo cha babu yako, ila bahari haimhurumii mtu kwa hilo.

Huyo mdogo wako msimfanye adui. Boti ya faiba na mashine ni chombo cha uvuvi kizuri tu. Mashua ni ya mizigo. Zinaweza kukaa ufukwe mmoja.

Mzaliwa wa Kilwa

Sisi tuliuza. Sitataja mnunuzi. Tulimwachia ufukwe wote kwa maneno kwamba njia ya kushukia itabaki. Haikuandikwa popote. Baadaye ukapita uzio, na leo wavuvi wa kijiji wanazunguka mbali sana na nyavu begani. Pesa ilijenga nyumba mbili na sizilaani nyumba hizo, watoto wanalala humo. Ninachokuambia ni hiki: hata kama mtauza kitu, uzeni kule juu, barabarani, ambako ndiko bei inapanda kwa ajili ya barabara. Na njia ya pwani na diko, pale vyombo vinapotia nanga, viingizwe kwenye mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji, na BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia pwani, wavijue, ili visibaki mali ya maneno.

Mkulima wa Muheza

Nimjibu kaka wa Chumbageni kuhusu minazi mizee. Mnazi wetu mrefu wa asili unaanza kuzaa baada ya miaka 6 hivi na unaishi zaidi ya miaka 60. Shamba halifi kwa mara moja, unapanda miche katikati ya mizee, unaikata mizee polepole, chini unaweka mihogo na kunde. Ila miche isitoke kokote tu, kuna ugonjwa wa kunyong'onyea uliomaliza mashamba mengi pwani yetu. Ongea na bwana shamba, watu wa TARI Mikocheni ndio wenye utafiti wa minazi.

Mjukuu wa Nahodha

Wakubwa, nimerudi. Nimeketi na mashangazi. Shangazi mkubwa hataki kuuza kabisa. Mdogo anataka kuuza nusu ya fungu lake, mwanawe anaumwa figo na wanakwenda hospitali kila mara. Hilo sikulijua. Nimegonga mkuku pamoja na fundi wa kijijini: mzima. Mataruma manne yamekufa na mbao za omo.

Ninalolifikiria: ami apewe fungu lake upande wa barabara, auze akitaka, na shangazi mdogo hivyo hivyo. Sisi wengine tukae chini, ufukweni. Mashua tukiitengeneza, kila safari fungu la chombo ligawanywe kwa warithi wote, mabaharia wachukue lao. Ami sijamwambia bado, naogopa ataona nimemzunguka. Na cheti cha kifo cha babu hakipo, 1994 hakuna aliyekwenda kuandikisha.

Mama Tumu

Mtume shangazi mkubwa akazungumze na ami. Ni dada yake, wamenyonya ziwa moja. Wewe fuata nyuma, umwamkie, ukae kimya mpaka uulizwe. Na huyo mtoto anayeumwa mchangieni sasa, msingoje mahakama.

Wakili wa Mkoani

Naungana naye, na naongeza: mpendekezeni ami na shangazi mkubwa wawe wasimamizi wa pamoja. Sheria inaruhusu, na ami hatakuwa mtu aliyevuliwa ukubwa wake. Cheti cha babu kinapatikana hata sasa, kuna utaratibu wa kuandikisha kifo kilichochelewa, anzia ofisi ya wilaya inayoshughulikia vizazi na vifo kwa niaba ya RITA, wakala wa serikali wa usajili. Nenda na barua ya mtendaji wa kijiji na wazee wawili waliohudhuria mazishi. Wapo hai?

Mjukuu wa Nahodha

Wapo. Mmoja alikuwa baharia wake. Jumatatu nakwenda naye Pangani mjini.