Naomba ushauri: kutumia kifusi cha lami kuukuu kwenye barabara ya mtaa

Ndugu wataalamu, mkandarasi anayekwangua lami kuukuu ya barabara kuu hapa Morogoro yuko tayari kutuachia kifusi chake kwa ajili ya barabara ya mtaa wetu. Nafahamu kwamba kukichanganya bila moto, kwa emalsheni ya lami (lami iliyosambazwa ndani ya maji kama matone madogo) na saruji isiyozidi asilimia 1, huokoa kokoto mpya na mafuta ambayo yangechomwa kupasha mchanganyiko hadi nyuzijoto 150 hivi, na hivyo kupunguza hewa ya ukaa. Wasiwasi wangu ni kwamba lami iliyozeeka huwa ngumu na hupasuka upesi. Je, kabla ya kushindilia, kifusi hicho kipimwe nini maabara, na kichanganywe na changarawe kwa uwiano gani ili kistahimili masika?