Naomba ushauri: Tuendelee na sherehe ya mama wakati Hanang kuna msiba?

Mtoto wa Tatu (Jumanne, 5 Desemba 2023, saa 3:40 usiku)

Ndugu zangu, habari za usiku. Ninaandika nikiwa sijatulia, hivyo mniwie radhi maelezo yakirefuka. Mama yetu anatimiza miaka 70 Jumamosi hii, na kwa mara ya kwanza tangu baba atutoke tumepata nafasi ya kukutana watoto wote: kaka amekuja kutoka Muscat anakofanya kazi, na mdogo wetu wa mwisho amefika na wanawe kutoka Mbeya. Tumekodi nyumba ya ufukweni Bagamoyo kuanzia Alhamisi, siku nne, na fedha yote imekwisha kulipwa. Kutoka hapa kwangu tutakuwa watu saba: mimi, mke wangu, watoto wanne na mama. Kutakuwa na dua, chakula, na watoto kuogelea.

Jumapili asubuhi tulikuwa mezani ndipo habari za maporomoko ya tope Katesh, mji ulio chini ya mlima Hanang mkoani Manyara, zilipoanza kuingia. Tangu hapo kila nikishika simu ninaona tope lililojaa ndani ya nyumba za watu, magogo na mawe katikati ya mji, na idadi ya waliofariki ambayo sasa imepita 60. Nikiinua macho, namwona kaka anawapima watoto fulana za sherehe, na mama anacheka kicheko ambacho sijakisikia kwa miaka. Je, tuahirishe? Na kama tutakwenda, picha tuziweke hadharani au tukae nazo wenyewe?

Nuru ya Ukumbi (saa 3:58 usiku)

Tatizo la kizazi hiki ni picha. Zamani mtu alikula pilau yake, akanawa mikono, jirani mwenye msiba asijue. Siku hizi sahani haijafika mezani, imekwisha kufika mtandaoni. Jifunzeni staha, wazazi, kisha muwafundishe watoto.

Kijiko Kirefu (saa 4:02 usiku)

Mimi nina swali moja tu la kitaalamu: hiyo pilau ya Bagamoyo itapikwa na nani? Shughuli ya siku nne, yenye wageni wa Muscat na Mbeya, haipikwi na wenye shughuli.

Mpita Mbulu (saa 4:10 usiku)

Nawasahihisha wanaosambaza kwamba mlima umelipuka, kwa sababu nimeusoma uvumi huo leo mara kumi. Hanang ni mlima wa volkano, lakini haukulipuka. Serikali imeeleza kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilifyonza maji ya mvua hizi za El Niño, ikaelemewa, ikameguka, na tope likafuata mkondo wa mto Jorodom hadi kwenye makazi. Sisi tuliokulia upande ule tulizoea kuutazama mlima kama mlinzi wa mvua zetu, na watoto walitumwa kuchunga chini yake bila mtu kuwaza lolote.

Mtoto wa Tatu (saa 4:21 usiku)

Nashukuru kwa maelezo. Kuhusu mapishi, tuna msaidizi wa nyumbani. Naomba turudi kwenye swali langu, yaani kuahirisha au kutoahirisha.

Mama Kipepeo (saa 4:30 usiku)

Mwanangu, picha hizo tumeziona nchi nzima, tukasikitika, tukaombea marehemu, tukalala. Wewe kinachokukosesha usingizi ni nini hasa? Una mtu kule?

Mtoto wa Tatu (saa 4:33 usiku)

Sina ndugu kule. Kwetu ni Tanga.

Mama Kipepeo (saa 4:35 usiku)

Sikuuliza ndugu. Nimeuliza mtu.

Mzee wa Kunduchi (saa 4:51 usiku)

Niwasimulie. Tarehe 26 Desemba 2004 ilikuwa Jumapili, siku ya pili ya Krismasi, na mimi nilikuwa nimewapeleka wanangu baharini na kapu la mihogo ya kukaanga. Redio ilikuwa ikisema kwamba bahari imeua watu wengi Sumatra. Nikaongeza sauti, nikasema maskini, nikaendelea kumenya chungwa. Alasiri maji yakaanza kurudi nyuma kwa namna ambayo sikuwahi kuiona, ngalawa zikalala ubavu kwenye mchanga, kisha yakarudi kwa nguvu, yakaondoka tena. Wanangu walikuwa wakiona ni mchezo. Siku ile Dar es Salaam ilipoteza waogeleaji, watu waliokuja kustarehe kama mimi. Tetemeko lilikuwa limetokea alfajiri kwa saa zetu, na sisi tulikuwa na habari yake kwa saa nyingi tukiamini ni mambo ya mbali. Hadi leo chungwa lile nalikumbuka.

Kijiko Kirefu (saa 4:55 usiku)

Pole sana, mzee. Ila mleta mada bado hajamjibu Mama Kipepeo.

Mtoto wa Tatu (saa 5:20 usiku)

Sawa, nitaeleza, ingawa sikuona kama linahusika moja kwa moja. Dada anayetusaidia kazi za nyumbani ni mtu wa Gendabi, kijiji kimojawapo kilichopatwa. Jumapili simu za kwao hazikupatikana. Jana usiku mama yake alipatikana, yupo kwenye kambi shuleni pamoja na wengine. Mdogo wake wa kiume hajaonekana.

Naomba msinihukumu kabla ya kusikiliza. Nilimwita, nikamuuliza, naye akajibu, “Hamna neno, baba.” Nimempa shilingi 50,000 awatumie. Tumekubaliana kwamba Jumatatu tukirudi kutoka Bagamoyo atakwenda kwao na mshahara wa miezi miwili mkononi. Barabara ya Babati na Singida ilizibwa na tope, wanaotafuta watu ni wanajeshi na Msalaba Mwekundu, na msichana wa miaka 19 hana atakachoongeza pale zaidi ya kulia. Hapa angalau amezungukwa na watu na ana kazi za kumshughulisha. Mama hatujamwambia, kwa sababu akijua hatakwenda popote.

Nuru ya Ukumbi (saa 5:31 usiku)

Innalillahi. Kumbe swali halikuwa la picha.

Chujio (saa 5:44 usiku)

Mimi nasema hii ni chai, tena chai ya rangi. Rudini juu mkasome. Mleta mada amehesabu watu wa nyumba yake mwenyewe, jina kwa jina, wakatimia saba, na hakuna dada wa kazi. Saa mbili baadaye, baada ya kubanwa, anazuka dada, anazuka mdogo aliyepotea, kinazuka na kijiji chenye jina. Huyu ni mtunzi aliyesahau kumwingiza mhusika wake sura ya kwanza. Wanaotumia misiba ya watu kutafutia wachangiaji waone haya.

Mpita Mbulu (saa 5:52 usiku)

Hata mimi nimeanza kuwa na shaka. Mleta mada, huyo dada anazungumza lugha gani na mama yake kwenye simu?

Kijiko Kirefu (saa 5:55 usiku)

Na pilau nayo itakuwa ya kutunga. Nimehuzunika mara mbili.

Mtoto wa Tatu (saa 6:40 usiku)

Anazungumza Kiiraqw. Huwa anazungumza akiwa jikoni, sauti ya chini, na watoto wangu wamejifunza kuigiza namna anavyosalimia.

Chujio, nimerudi kusoma nilichoandika. Ni kweli niliandika saba. Nilikuwa nikihesabu viti vya gari, na yeye nilimpangia kutangulia na vyombo kesho, kwenye gari la mizigo la rafiki yangu. Sikutunga chochote.

Chujio (saa 6:47 usiku)

Kama hukutunga, basi ni heri ungetunga.

Mama Kipepeo (saa 6:58 usiku)

Acheni kumchambua, usiku unakwenda. Mwanangu, mabasi ya Singida yanaondoka stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, alfajiri. Katesh iko mbele ya Singida kwa njia ya Babati, na greda ziko kazini. Usimuulize kama anataka kwenda, kwa maana mtu anayelala nyumbani kwako na kula chakula chako atakujibu hamna neno hata akiwa anaungua. Mpe nauli, umwambie gari ni saa ngapi.

Mtoto wa Tatu (saa 7:15 usiku)

Nimekuelewa, mama. Lakini mke wangu amesoma uzi huu begani kwangu, na anauliza tutampata wapi mpishi kabla ya Alhamisi. Nami najiuliza nitamweleza mama nini asubuhi.

Mzee wa Kunduchi (saa 7:20 usiku)

Kaka yako ametoka Muscat, mwaka mzima anajipikia. Mpe mwiko.

Mtoto wa Tatu (saa 11:05 alfajiri)

Sikulala. Mama ameamka kuswali, na alipotoka kutawadha hakurudi chumbani. Nimemkuta jikoni na dada, wamekaa kwenye mkeka, simu katikati yao. Mama ameniangalia mara moja, kisha akausukuma mlango ukafungwa. Bado niko hapa sebuleni, na fulana za watoto ziko mezani.